Karani anayehesabu siku za eda, na siku moja iliyompita

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamume aliyevaa kikoi na shati la mikono mirefu anaingia katika chumba kimoja cha Ndia Kuu, Mombasa, anavuta kiti na kuketi kabla hajakaribishwa. Macho yake ni mekundu. Kakake amefariki, mazishi yalikuwa jana, na amekuja kuandikisha eda ya mjane.

Beverly Awino anazima mashine ya kutoa nakala na kumgeukia mgeni wake mzimamzima.

"Poleni sana. Mola awape subira," anamwambia. Hana haraka. Akishaona mgeni amevuta pumzi, ndipo anauliza: "Alifariki kabla ya magharibi au baada?"

"Adhana ilikuwa ishatoka. Sisi twarudi msikitini, yeye akakata roho."

"Una hakika?"

"Dada, mimi ndiye niliyemfumba macho."

Beverly anaandika saa hiyo kwenye kompyuta. Tarehe iliyo kando yake inasogea mbele siku moja yenyewe, bila kuguswa. Mgeni wala hashtuki. Kwake hakuna jipya hapo: jua likishatua, siku nyingine imeingia.

Kwa Beverly jambo hilo lilikuwa jipya, tena chungu. Alilijua Novemba iliyopita, kwa kosa lililobaki kidogo tu limkoseshe mama mmoja wa Kibokoni harusi ya binti yake wa pekee.

Beverly ana umri wa miaka 34. Amezaliwa Mombasa, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako babake, Mzee Odera, alikuwa fundi wa mabehewa baada ya kutoka Siaya akiwa kijana. Hajawahi kuishi kwingine. Ukimwita mgeni, atakuuliza wewe umehamia lini.

Chumba chake cha Ndia Kuu kina kompyuta mbili, mashine ya nakala na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Huwachapia watu barua, huwajazia fomu za serikali na ripoti za kodi. Siku njema humwachia Sh900 mkononi. Siku mbaya hutoka na nauli tu, na ana binti wa miaka tisa anayesoma.

Kazi ya kuandika programu za kompyuta aliisomea miezi sita darasani, mengine akajifunza mwenyewe kwenye simu. "Nilikuwa nikipika huku nimesimamisha simu kwenye kopo la chumvi," anasema na kucheka. "Nimeunguza wali mwingi sana kwa sababu ya hii elimu."

Miaka miwili iliyopita alimtembelea Yeslam Zaki, muuza leso wa Biashara Street ambaye pia ni katibu wa kamati ya mtaa inayowasaidia wajane. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda: miezi minne ya mwandamo na siku kumi. Muda huo hukaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, haendi shughulini. Kamati huwapelekea unga, mchele na mafuta, na huwajulisha siku ya kutoka inapokaribia.

Yeslam alikuwa akizihesabu siku hizo kwa mkono, kwenye kalenda ya dukani iliyofungwa kwa uzi. "Miaka ishirini na miwili nahesabu kwa vidole," anasema mzee huyo. "Huyu binti akanambia, Ami Yeslam, vipumzishe hivyo vidole. Nikavipumzisha."

Walikubaliana Sh6,000 kwa mwezi. Beverly akadhani ataimaliza kazi kwa jioni moja.

"Watu huona hii ni hesabu ya darasa la tatu," anasema, na sauti inapanda kidogo. "Chukua tarehe ya leo, toa tarehe ya kifo, basi, umepata siku zilizopita. Haya, toa basi tuone! Kompyuta haijui siku ni nini. Yenyewe yajua sekunde, tena yazihesabu tangu Januari mosi mwaka wa 1970, kwa saa za Uingereza. Sasa Uingereza na mjane wa Kibokoni, wapi na wapi?"

Kosa la kwanza lilitokana na hapo hapo. Saa za Mombasa ziko mbele ya zile kwa saa tatu, kwa hivyo aliyefariki saa nane usiku aliandikwa kuwa amefariki jana yake. Alilinasa mapema, akalirekebisha.

La pili lilikuwa mwezi. Programu ilihesabu miezi minne ya kalenda ya ofisini, ambayo ni mirefu kuliko ile ya mwandamo. Hata baada ya kupata jedwali la miezi ya Kiislamu, akagundua kwamba jedwali linakisia tu. Mwezi wenyewe ukipenda huandama siku ya ishirini na tisa, ukipenda hungoja ya thelathini.

Kwa hivyo aliandika programu inayongoja. Kila mwezi, jioni ya siku ya ishirini na tisa, humtumia Yeslam swali moja kwenye simu: Umeandama? Mzee hubonyeza "Ndiyo" au "Bado", na tarehe za wajane wote hujipanga upya. Beverly huizungumzia sehemu hiyo kama mama anayemsifia mtoto wake. Ana haki.

Kosa la tatu ndilo lililomtoa jasho.

Daftari la Yeslam lina tarehe ya mwandamo na saa ya kifo. Beverly aliziingiza, na kila mara akazilinganisha na karatasi ya hospitali. Mara kwa mara zilipishana siku moja. Akaona kwamba mzee, kwa umri wake, ameteleza. Basi akawa anamsahihisha kimya kimya, asimwaibishe. Alifuata karatasi ya hospitali.

"Nilijiona nina adabu kweli," anasema. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naharibu."

Siku ya Jumanne, Novemba 5, Yeslam aliketi kando yake akimsomea jina jipya. Marehemu alikuwa amefariki Jumamosi, saa mbili kasoro dakika ishirini usiku. Mzee akataja tarehe ya Jumapili. Beverly akatabasamu, akamwambia pole pole kwamba hapo amekosea.

"Nimekosea nini, binti? Jua lilikuwa lishatua," Yeslam akajibu. "Hiyo ni Jumapili."

 Beverly alimwomba mzee aende akanywe kahawa, akafunga mlango nusu, akazipitia rekodi zote 46 moja baada ya nyingine. Kumi na moja zilikuwa za wanaume waliofariki kati ya magharibi na saa sita usiku. Zote kumi na moja alikuwa amezirudisha nyuma siku moja. Wajane kumi walikuwa wameshatoka eda kitambo, siku moja kabla ya wakati wao.

Wa kumi na moja alikuwa bado ndani. Jina lake Bi Saadia, mwenye miaka 58.

Mumewe alifariki Jumatatu, Julai 8, saa moja na robo usiku. Programu ilimpa Alhamisi, Novemba 14, eda yake iishe jua likitua. Ilipaswa kuwa Ijumaa, Novemba 15. Na binti yake, Haifa, alikuwa amekodi ukumbi kwa usiku ule ule wa Alhamisi, afanyiwe kupamba, yaani akae kama bibi harusi aliyepambwa mbele ya wanawake 350, mamake akiwa ameketi kando yake. Tarehe hiyo waliichagua kwa sababu ya ujumbe wa simu uliotoka kwa Beverly.

Alikaa na habari hiyo peke yake mpaka adhuhuri. Hakuna mwingine aliyejua. Yeslam hakuwa akihesabu tena, na Bi Saadia alifuata tarehe aliyotumiwa.

"Sitadanganya, nilifikiria kunyamaza," anasema. "Mimi ni Mkristo, kanisani kwetu hakuna eda. Nikajiambia, siku moja tu, Beverly, itamdhuru nani? Halafu nikamfikiria yule mama. Miezi minne hajashuka ngazi, kwa sababu anaamini hesabu yangu. Hee! Nikaenda kumwambia Ami Yeslam."

Alasiri walikwenda Kibokoni wote wawili. Yeslam, kwa kuwa si maharimu wa Bi Saadia, yaani si ndugu wa karibu anayeruhusiwa kumwona, alibaki chini mlangoni. Beverly alipanda peke yake. Akiwa katikati ya ngazi alimsikia mzee akipaza sauti nyuma yake: "Mwambie ni kosa letu sote!"

Bi Saadia alikuwa ameketi kwenye zulia, Haifa kando yake akiandika majina kwenye bahasha za kadi. Walimchangamkia. Walimjua kuwa ndiye binti wa kamati. Beverly hakuketi. Alieleza akiwa amesimama, haraka haraka, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Haifa ndiye aliyesema kwanza. "Watu mia tatu na hamsini! Kadi zishatoka! Wajua ukumbi ule tumeungoja miezi mingapi?"

"Najua. Nisamehe."

"Ungenyamaza tu! Nani angejua? Mama angetoka, angefurahi, basi. Kwani umekuja kutuonyesha nini?"

 Beverly anamkumbuka Bi Saadia akilisuka na kulifumua shada la zulia kwa vidole.

"Nimekaa humu ndani nikihesabu kwa ajili ya usiku mmoja," mama huyo akasema mwishowe. "Usiku mmoja tu, wa mwanangu. Na wewe leo waja kuniondolea." Akaanza kuzikusanya bahasha. "Nenda, mwanangu. Nimekusikia. Sasa nenda."

Hakupewa hata maji. Katika nyumba ile, mtu hata akija kudai pesa za stima hupewa kahawa. Beverly alishuka akilia, na Yeslam pale chini akawa hajui aangalie wapi.

"Usiku ule niliandika barua ya kuacha kazi ya kamati," Beverly anasema. "Niliichapa vizuri, nikapanga na pambizo."

Asubuhi yake simu ililia. Alikuwa Bi Saadia.

"Sitotoka Alhamisi," alisema bila salamu ndefu. "Nilipokuwa sijui, nilikuwa sijui. Sasa nimejua, siwezi kujifanya sijui. Nikikupa nambari za watu, hiyo mashine yako yaweza kuwapelekea ujumbe?"

Haifa alikuwa ameshalia, akaosha uso, akaamua. Ukumbi ulikuwa na sherehe nyingine siku ya Ijumaa, basi akauacha. Bwana harusi, Zaid, alipoambiwa aliuliza swali moja tu: ikiwa nikaha yenyewe bado ni Ijumaa baada ya alasiri. Alipoambiwa ndiyo, akasema kupamba ni mambo ya wanawake na yeye hatii mguu. Kupamba kukahamishiwa Ijumaa usiku, palepale nyumbani, ghorofa ya juu. Wageni 350 wakawa 90, kwa sababu nyumba haina mpira, haivutiki.

Beverly ndiye aliyetuma ujumbe kwa wote: kwa wale 90 kuwaarifu siku mpya, na kwa wale 260 kuwaomba radhi. Hakutoza hata senti. Alipokea matusi ya aina aina, mengine kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao.

Ijumaa alialikwa. Alifika saa kumi na mbili kasorobo na kukaa pembeni, karibu na masinia. Bi Saadia alikuwa chumbani na mlango umefungwa. Adhana ya magharibi ilipotoka, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Yakasikika maji yakimwagika ndani, kwa muda mrefu. Kisha mlango ukafunguliwa, na Bi Saadia akatoka amevaa nguo mpya ya kijani, udi unamtangulia.

Haifa hakungoja amalize kupambwa. Alimrukia mamake mabegani na wanja wote ukamtiririka, ikabidi mpambaji aanze upya. "Mpambaji alikasirika kwelikweli," anasema Beverly. "Lakini na yeye alikuwa akilia, sasa angesema nini?"

Mambo yangeishia hapo, na kamati ilitaka yaishie hapo. Shekhe wao alikuwa amesema wale kumi waliotoka mapema hawana dhambi, kwani hawakujua. Wanakamati wakaona ya nini kuwafukulia watu majonzi yaliyotulia. Beverly alikuwa na maoni mengine, ila hakuwa na ujasiri. Baada ya ngazi za Kibokoni, alisema, hakuna mlango ambao angeubisha tena.

Ni Bi Saadia aliyemtokea Ndia Kuu wiki moja baada ya harusi, akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti.

"Mimi uliniambia. Na wao waambiwe," alisema. "Ukenda peke yako watakuona karani. Twende sote."

Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya alasiri wawili hao hutoka pamoja, mmoja na buibui lake, mwingine na mkoba wa kompyuta. Wamefika nyumba tisa. Mama mmoja wa Mkanyageni aliwacheka mpaka akashika mbavu, akasema mumewe alipenda kuchelewa tangu uhai wake. Mwingine aliwafungia mlango. Mwingine aliwashukuru, akawauliza kama wana mchumba wa kumpa.

"Hodi anapiga yeye, maelezo natoa mimi," anasema Beverly. "Ila nikianza kusema kwa haraka hunifinya mkono."

Barua ya kuacha kazi bado iko kwenye kompyuta. Haijatolewa kwenye karatasi. Badala yake, misikitini huko Majengo na Likoni kuna kamati mbili zilizomwita, na mpango wake ni kuziandikia programu hiyo kabla ya Ramadhani, ifanye kazi hata kwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti. Anataka pia kumwajiri mtu wa kumsaidia dukani, ili Jumamosi zibaki kuwa za milango. Programu yenyewe sasa haikubali jina la marehemu bila saa ya kifo. Ukijaribu kuiruka, inakataa kuendelea.

Jumamosi hii umebaki mlango mmoja, wa Bi Nasiha, kule Kuze.

Bi Nasiha ana miaka 41 na watoto wanne. Anauza mihogo ya kukaanga kule Mama Ngina, ufukweni, jioni, na leo kama siku zote ameshamenya. Beseni limejaa mihogo katikati ya ua, karai limeegemezwa ukutani. Anawapa wageni vigoda na kuwamiminia maji ya ukwaju kabla hawajasema lililowaleta.

Beverly anaeleza. Anakwenda pole pole. Anamaliza kwa maneno ya shekhe, kwamba hana dhambi na hana cha kulipa.

Bi Nasiha anafuta mikono yake kwenye leso. "Siku niliyokosa ni ipi?"

"Jumapili. Septemba 22."

"Jumapili ile nilikwenda kuuza," anasema. "Unga ulikuwa umeisha. Magharibi ya Jumamosi nilitoka eda, Jumapili niko Mama Ngina na karai langu, watu wanipa hongera. Ati nimemaliza."

 Bi Saadia ameiweka bilauri chini.

"Kesho pia ni Jumapili," Bi Nasiha anasema. "Nitaikaa kesho."

"Mama, si lazima," Beverly anamwambia. "Shekhe amesema..."

"Nimesikia alivyosema. Mimi silipi kitu." Jumapili ndiyo siku yake kubwa, siku anayopata hadi Sh2,500 kwa jioni moja, na beseni la mihogo liko pale mbele yake. Analitazama, kisha anaangalia kando. "Tangu Septemba kila mtu aniambia nimemaliza. Mama mkwe, majirani, mpaka watoto. Hakuna aliyeniuliza. Nyinyi ndio wa kwanza kuja hapa na kuniambia bado nina siku moja na mume wangu. Wallahi siiachi."

Anaanza kulia, na Bi Saadia anasogeza kigoda chake karibu, anamshika bega, wala hamwambii anyamaze.

Baada ya kitambo Beverly anafungua kompyuta juu ya magoti yake. Anaitafuta rekodi ya Bi Nasiha, iliyofungwa tangu mwaka jana, anaifungua upya. Palipoandikwa siku zilizobaki, panasomeka moja.

"Niandike kuanzia lini?" anauliza.

Bi Nasiha anapangusa uso, anaangalia mwanga uliobaki ukutani mwa ua.

"Andika magharibi ya leo," anasema. Kisha anainuka kwenda kuwagawia majirani mihogo.